PICHA ZA MILIMA YETU ZIKO WAPI?

Ndugu wananchi, liko swali moja ambalo twataka liulizwe katika kila mkutano wa hadhara, toka Manyovu hata Kibondo, na lisiachwe mpaka lijibiwe: picha za milima yetu ziko wapi?

Hatusemi picha za kutundika ukutani, za kumwonyesha mgeni jinsi Munanila inavyopendeza asubuhi ukungu unapoinuka. Twasema picha zilizopigwa kutoka juu, kwa ndege na kwa setilaiti, ambazo mtu aliyefundishwa akizitazama huona mahali mlima ulipokatika zamani za babu zetu, mahali ulipokatika mwaka juzi, na mahali ambapo ardhi imekwisha kulegea. Picha za namna hiyo zipo. Setilaiti hupita juu ya vichwa vyetu siku baada ya siku, wala haituombi ruhusa. Lakini mwananchi wa Munanila akienda ofisi ya kata akauliza, "Nioneshe ramani ya mahali ambapo mlima huu huporomoka, nijue pa kujenga," ataoneshwa nini? Kalenda?

Jambo hili si dogo, wala si la wasomi peke yao. Nchi yetu ya Buha ni nchi ya milima. Watu wake wamejenga migongoni mwa milima na kulima mabega yake, wakapanda migomba, kahawa na maharage mpaka chini mtoni. Mvua huanza Oktoba au Novemba na kuendelea mpaka Aprili au Mei. Kwa miezi yote hiyo ardhi inakunywa maji, na ardhi ikishiba maji huwa nzito, ikaanza kuteleza juu ya mwamba kama ngozi ya ndizi. Hapo ndipo watu hufa.

Na watu wanapokufa, nani hulaumiwa kwanza? Mkulima. Huyo ndiye anayeambiwa ati amekata miti, ati amelima mteremko, ati amejenga pabaya. Hatukatai kwamba jembe lina sehemu yake. Tutalisema hilo mbele. Lakini twauliza: aliyejenga pabaya aliambiwa lini na nani kwamba pale ni pabaya?

Turudi nyuma kidogo, maana maneno haya yana historia yake.

Mwaka 1946 serikali ya Kiingereza ilianzisha idara ya kupima makoloni yake kwa picha za ndege. Mwaka 1957, walipoona kwamba neno "koloni" limeanza kunuka, wakaibadilisha jina wakaiita idara ya upimaji wa ng'ambo. Ndege zikaruka juu ya Tanganyika, picha zikapigwa kwa maelfu, filamu zikapelekwa Uingereza, na huko zikachorwa ramani za vipimo vya 1:50,000 ambazo nyingi zimetumika nchini mpaka baada ya Uhuru. Ramani hizo ni kazi nzuri, hatuoni haya kusema hivyo. Lakini picha zenyewe zilibaki kwao. Idara ile ilipokwisha katika miaka ya 1980 picha zilihamishwa huku na huku, na leo mkusanyo huo umo katika hifadhi ya picha za angani mjini Edinburgh, Scotland. Mtu akitaka kujua kilima cha babu yake kilikuwaje miaka sabini iliyopita, yampasa aandike barua kwa Waskoti.

Wabelgiji nao walifanya vivyo hivyo upande wa pili wa mpaka. Picha walizopiga miaka ya 1950 juu ya Kongo na Ruanda-Urundi zimewekwa katika jumba lao la makumbusho la Tervuren. Wasomaji wetu wa Buhigwe watakumbuka kwamba Kigoma yenyewe ilishikwa na Wabelgiji tangu 1916 hata 1921, kabla ya kukabidhiwa Waingereza. Walipeana nchi kama watu wanaopeana kuku. Mpaka waliouchora unapita karibu na Munanila, na mlima haujui kama upande huu ni wa nani na upande ule ni wa nani.

Na wakati huo wote walipokuwa wakiruka juu, chini walikuwa wakitafuta nini kwetu? Manamba. Buha iliachwa iwe ghala la mikono ya kukata mkonge kule Tanga. Mikono yetu waliihesabu vizuri sana. Milima hawakuihesabu.

Mahali walipojishughulisha na milima walikwenda na kiboko. Kila mwanachama yafaa ajue habari za Uluguru. Baada ya vita vya pili wakoloni walitunga mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, wakawalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko mikali. Udongo wa chini usio na rutuba ukaja juu, mazao yakapungua, na anayekataa kuchimba akatozwa faini. Mabwana wa kilimo hawakuuliza wenyeji kwa nini wanalima hivi na si vile. Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kwa hasira, polisi wakatumia bunduki, mtu akafa, na mpango ukafa nao. Hayo ndiyo matunda ya kutaka kuponya mlima bila kuujua.

Sasa tazameni lililofuata katika milima hiyo hiyo. Februari 1970, sisi tukiwa tumekwisha kujitawala, mvua kubwa ya saa chache ilinyesha bonde la Mgeta, upande wa magharibi wa Uluguru. Maporomoko zaidi ya 1,000 yakatokea. Hesabu hiyo si ya kukisia. Mabingwa wa chuo chetu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Uswidi, Temple na Rapp wakiwa mbele, walikwenda Mgeta, wakahesabu makovu, wakayachora katika ramani, wakatazama kila kovu lilianzia wapi: shambani, katika majani, au msituni. Wakachapisha kazi yao mwaka 1972. Wakaona kwamba karibu yote yalianza katika mashamba na katika majani, na yaliyoanza msituni hayakufika hata moja katika mia.

Hapo mkulima amepatikana na hatia? Ndivyo atakavyosema bwana mwenye kiboko. Sisi twasoma vingine. Twasoma kwamba mizizi ya miti hushika udongo wa juu, na kwamba kwa kuhesabu na kuchora unaweza kujua ni mteremko gani uachiwe miti na upi ulimwe bila hofu. Mkoloni alikuwa na ndege, lakini aliwaamuru watu wote wachimbe matuta kila mahali. Mgeta ilitufundisha kwamba inawezekana kusema: hapa ndiyo, hapa hapana. Ni zaidi ya miaka hamsini tangu kazi ile. Je, Kasulu na Kibondo zilifanyiwa ya namna ile lini? Upare je? Maana Novemba 2009 mlima uliporomoka Mamba Myamba, Wilaya ya Same, watu zaidi ya ishirini wakapoteza maisha.

Wale wasemao kila poromoko ni kosa la jembe, tunawapeleka Hanang. Tarehe 3 Desemba 2023, alfajiri, matope na mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang yakaingia mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu themanini walikufa. Mlima Hanang ni hifadhi ya msitu. Tope lile halikuanza katika shamba la mahindi la mtu. Lilianza juu, katika ubavu wa mlima wenyewe, likafuata makorongo mpaka sokoni. Katesh iko chini ya makorongo yale, na yeyote aliyetazama picha ya angani ya mlima ule angeona jinsi makorongo yanavyoelekea mjini kama vidole vya mkono. Kuona si kazi. Kazi ni kumwambia mtu wa Katesh kabla ya Desemba.

Aprili 2024 ikawa zamu ya Mbeya. Mlima Kawetere uliteremsha tope juu ya nyumba za Itezi na juu ya shule. Na kwa majirani ni kilio zaidi. Mei 2023 vijiji vya Bushushu na Nyamukubi katika Kalehe, Kivu ya Kusini, vilifagiwa kwa usiku mmoja na watu zaidi ya mia nne wakafa. Siku hizo hizo Rwanda ilizika watu zaidi ya mia moja. Desemba 2019 ilikuwa Cibitoke, Burundi. Milima hiyo yote ni ndugu wa milima yetu. Ni kingo za bonde kuu lile lile ambalo ndani yake limo Ziwa Tanganyika. Mtu wa Munanila asidhani kwamba anasoma habari za nchi ya mbali.

Yafaa sasa tueleze picha hizi husomwaje, maana wako wanaopenda kutuficha kazi kwa maneno magumu.

Ndege ya kupima hupita kwa mstari ulionyoka, ikipiga picha moja baada ya nyingine, na kila picha huingia juu ya mwenzake kwa kiasi cha sehemu sita katika kumi. Chukua picha mbili zilizofuatana, ziweke chini ya kioo cha macho mawili, na mlima utainuka mezani kama ulivyo: mgongo, bonde, shimo, kila kitu. Poromoko jipya huonekana jeupe au jekundu katikati ya kijani, refu kama ulimi. Hilo hata mtoto wa darasa la tatu hulijua. Ugumu uko katika la zamani. Poromoko la zamani majani yamekwisha kuliotea, lakini umbo halipotei upesi: juu liko kovu lililopinda mfano wa mwezi mchanga, chini yake ardhi imelala lakini ina vilima vidogo vidogo visivyo na mpango, pengine na kinamasi kidogo au chemchemi mahali pasipotazamiwa.

Na hapa, ndugu wasomaji, ndipo penye hatari, nasi twaomba msome kwa utulivu. Katika nchi ya miteremko mikali, mahali palipolala ndipo kila mtu anapopataka. Udongo wake ni mwingi, maji yako karibu, migomba hustawi. Watu hujenga hapo, na si wajinga. Wamechagua mahali ambapo macho yote ya mkulima yanasema ni pazuri. Lakini mahali pengine pamelala kwa sababu mlima ulikwisha kuanguka pale, na mlima ulioanguka mara moja waweza kuamka tena, hasa mto ukila mguu wake, au barabara ikiukata. Kutoka chini huwezi kulijua hilo kwa urahisi. Kutoka juu linaonekana.

Tumetaja barabara. Twafurahia barabara ya lami ya kutoka Kabingo kupita Kibondo na Kasulu hata Manyovu, kilometa 260 kwa jumla. Tuliilia kwa miaka mingi, na asiyefurahi basi hajapata kukwama siku tatu katika matope ya Kasulu. Lakini kila mahali tingatinga linapokata mlima hubaki ukuta wa udongo uliopoteza mguu wake. Mwenye kukata anayo michoro. Tunataka mwenye kukaa juu ya ukuta ule naye awe na mchoro.

Tuje kwenye setilaiti. Wamarekani walirusha ya kwanza ya Landsat Julai 1972. Kwa miaka mingi picha zake ziliuzwa kwa bei ya kumtoa mtu jasho, lakini tangu 2008 zinatolewa bure, pamoja na zile za zamani. Wazungu wa Ulaya nao walianza kurusha za kwao, Sentinel. Ile ya rada mwaka 2014 na ile ya kupiga picha za rangi mwaka 2015. Picha zao nazo ni bure kwa kila mtu duniani. Ile ya rangi huona doa la meta 10 kwa 10, na zikiwa mbili hurudi mahali pale pale kila baada ya siku tano. Ile ya rada huona hata katika mawingu na katika giza, jambo kubwa sana kwa nchi yetu, kwa kuwa mvua ya kuangusha mlima haiji siku ya jua. Kwa hiyo asije mtu akatuambia kwamba fedha za picha hazipo. Fedha za picha hazihitajiki. Zinazohitajika ni za vijana wa kuzisoma, mashine, umeme wa kuiendesha mashine, na viatu vya kwendea mlimani kuhakikisha.

Viatu tumevitaja makusudi. Doa la meta 10 haliwezi kuonyesha ufa wenye upana wa kiganja nyuma ya nyumba ya mama mjane. Poromoko dogo la kuua jamaa moja laweza kupotea kabisa ndani ya madoa mawili. Wako mabingwa wanaokaa mbele ya mashine mjini wakatoa ramani ya rangi nyekundu na njano bila kukanyaga tope; hao nao ni Bwana Shauri wa namna mpya. Ile ramani ya dunia nzima ya hatari za maporomoko iliyotengenezwa na Wamarekani wa NASA ina miraba ya kilometa moja. Katika Munanila mraba wa kilometa moja una mgongo wa mlima, bonde, shule, kanisa na mashamba ya jamaa chungu nzima. Kuambiwa kwamba mraba wote "una hatari" ni sawa na daktari kukuambia kwamba mwili wako una maumivu.

Tena sikilizeni hili. Hao hao NASA walianza kutunza daftari la maporomoko ya dunia yaliyotokea tangu 2007. Wanayapataje? Kwa kusoma magazeti, na zaidi magazeti ya Kiingereza. Basi mlima wa Buha ukianguka usiku, ukachukua shamba la kahawa na zizi la mbuzi, na habari ikatolewa kwa Kiha sokoni na kwa Kiswahili katika baraza la kata, katika daftari lile mlima haukuanguka. Kisha mtaalamu hulifungua daftari akasema Kigoma haina tatizo kubwa. Tulinyimwa shule ati kwa sababu hatuna wanafunzi wengi. Sasa tusije tukanyimwa ramani ati kwa sababu hatuna maporomoko yaliyoandikwa.

Wala hatutaki kusikia kwamba Mwafrika hawezi. Mwaka 2015 vijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi waliingia mitaa ya mabondeni ya Dar es Salaam katika kazi iliyoitwa Ramani Huria, wakapiga picha kwa ndege ndogo zisizo na rubani, wakachora nyumba, mitaro na njia pamoja na wenyeji, ili yajulikane mafuriko yanapita wapi. Mwaka uliofuata Zanzibar ikaanza kupiga picha Unguja na Pemba nzima kwa ndege za namna hiyo, na waliozirusha ni pamoja na vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Nairobi tangu 1975 kuna kituo cha kanda cha upimaji na picha za angani, na Tanzania ni mwanachama wake. Dodoma iko Taasisi ya Jiolojia yenye wataalamu wanaoujua mwamba. Aprili 2023 ndugu zetu wa Kenya walipeleka juu setilaiti yao Taifa-1 ya kutazama ardhi. Vyombo vipo, watu wapo.

Kwa kicheko kidogo tukumbuke pia kwamba tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri ya Kenya, Wamarekani na Waitalia walirusha setilaiti kutoka katika jukwaa la baharini karibu na Malindi, wakaipa jina la Kiswahili: Uhuru. Jina tamu. Setilaiti ile ilitazama nyota. Haikugeuza jicho lake chini hata mara moja kututazama sisi tuliokopeshwa jina. Sasa zile zinazotazama chini zimejaa tele, nasi ndio tusiozitazama picha zake.

Wako pia wataalamu wa Ubelgiji waliochukua zile picha za zamani za Tervuren wakazilinganisha na za setilaiti za siku hizi, juu ya milima ya Kivu na ya majirani zake, tangu 1958 mpaka 2016. Mwaka 2021 walitoa matokeo yao: msitu ukikatwa, mlima huanza kutoa udongo kwa maporomoko mara mbili mpaka mara nane ya kawaida, na hali hiyo huendelea kiasi cha miaka kumi na mitano. Tazameni faida ya kuwa na picha ya zamani na mpya. Aliyefyeka mwaka huu si yeye pekee atakayelipa. Huenda akalipa mtoto atakayeoa miaka kumi ijayo na kujenga chini ya mteremko ule. Twaona vema kazi kama hiyo ifanyike. Hatuoni vema kwamba picha za pande zetu nazo zimelala Edinburgh, bila mtu wa kuziamsha. Serikali yetu na iandike barua, idai nakala ya kila picha iliyopigwa juu ya Tanganyika. Siku hizi si mzigo wa kupakia melini. Ni mafaili tu.

Tunajua kuna wenye hofu, na hofu yao tunaiheshimu. Wanasema: mkileta ramani ya hatari, kesho tutaondolewa. Watu wa Kigoma wana haki ya kuogopa neno hilo. Miaka ya 1930 wakoloni waliwakusanya watu wa Uha katika makazi mapya kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Mwaka 1972 mkoa wetu ulikuwa miongoni mwa ya kwanza kuingizwa katika operesheni ya kuhamia vijijini, na wazee wanakumbuka kwamba si kila aliyehama alihama kwa furaha, wala si kila mahali alipohamishiwa palichunguzwa kwanza. Chama kisichoweza kusema hivyo mbele ya wanachama wake kitakuwa chama cha waoga.

Lakini fikirini sawasawa. Anayehamishwa ovyo ni yule ambaye mlima wake haujulikani. Pasipo ramani, mkuu akiogopa baada ya msiba atasema kijiji kizima kihame, au hatasema neno kabisa mpaka msiba wa pili. Penye ramani mtu aweza kusimama barazani akasema: mlima huu una kovu moja la zamani, nyumba kumi ziko juu yake, nyingine zote ziko salama, twazungumza na wenye nyumba kumi. Tena mwenye nyumba aweza kubisha kwa hoja, akataka aoneshwe kovu lenyewe kwa kidole. Ramani ikiwa mkononi mwa mkubwa peke yake ni kiboko kipya. Ikibandikwa ukutani kila mtu akaisoma, ni silaha ya raia. Ndiyo maana tunapigania ibandikwe.

Mwaka 2022 Bunge lilipitisha Sheria ya Usimamizi wa Maafa, na kamati za maafa zinatakiwa ziwepo mpaka kijijini. Vizuri. Kamati ya kijiji isiyo na ramani itafanya nini isipokuwa kuchanga mablanketi? Wapeni kamati hizo picha kubwa iliyochapishwa, yenye majina ya mahali kama wenyeji wanavyoyataja na siyo kama mpimaji alivyoyasikia vibaya. Waiteni wazee waoneshe kwa kijiti: hapa palishuka nilipokuwa mtoto, hapa maji ya chemchemi hugeuka tope kabla ya mvua kubwa, hapa migomba imeinama wote upande mmoja. Dalili hizo hakuna setilaiti itakayozitoa zote. Mzee na picha wakikaa meza moja, ramani itapatikana kwa majuma machache.

Basi twataka hivi. Twataka milima ya Buhigwe, Kasulu na Kibondo itazamwe katika picha za zamani na za sasa, na kila kovu lichorwe. Twataka vijana wa hapa hapa wafundishwe kazi hiyo, na siyo wageni wa majuma mawili wanaoondoka na daftari. Twataka shule mpya, zahanati na barabara isianzwe mlimani kabla ramani haijatazamwa mbele ya watu. Na twataka ramani iandikwe kwa Kiswahili.

Wanachama wa Munanila, Manyovu na Heru Juu wanaombwa kulipeleka swali hili kwa madiwani wao kabla ya mvua za Novemba, kwa maandishi, na kutuletea jibu watakalopewa. Jibu tutalichapa katika ukurasa huu neno kwa neno, pamoja na tarehe. Lisipokuja, tutaacha nafasi tupu yenye ukubwa wa jibu, kila toleo, mpaka litakapokuja.